Ukurasa wa Mirija na Vitu Vilivyotuna

Kaka yangu alikuwa fundi wa maji kwenye mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku. Mbali na Biblia alikuwa na kitabu kimoja tu, kikuukuu, cha Kiingereza, kisicho na jalada, alichoachiwa na mwalimu aliyekuwa anahama. Kitabu hicho hakikupangwa kwa alfabeti. Kilipanga maneno kwa maana: ya njaa mahali pamoja, ya mvua mahali pamoja, na kila neno lilikuwa na maelezo mafupi.

Ukurasa alioupenda ulikuwa na majina ya vitu vya umbo la mrija upande mmoja, na ya vitu vya mviringo vilivyotuna upande wa pili. Mengi yalikuwa maneno ya zamani ambayo, alivyosema yeye, Waingereza wenyewe wameyaacha. Tewel ulikuwa mrija unaopeleka upepo wa mvukuto kwenye moto wa mhunzi. Knop kilikuwa kifundo cha mviringo, kama ua kabla halijafunguka. Gorbelly alikuwa mtu mwenye kitambi. Jumapili baada ya ibada alitusomea neno moja mimi na mke wake, kisha akatafuta kitu cha kukipa hilo neno. Kitunguu kilichojaa vizuri kilikuwa knop. Mpira wa kuvuta maji kutoka mferejini hadi kwenye matuta aliuita tewel.

"Hapo wameandika upepo," nilimwambia siku moja. "Wewe unapitisha maji."

"Wahunzi wamekwisha, mdogo wangu. Unataka neno likae bila kazi?"

Mimi niliishia darasa la sita. Siku za soko nilikuwa nauza karanga za kukaanga huko Bwera, mpakani. Karanga tunazifunga kwa karatasi: unaviringisha mrija mwembamba kwenye kijiti, unakunja chini, unajaza, unakunja juu. Karatasi zilikuwa za madaftari ya zamani ya wanafunzi, tulizonunua kwa kilo. Ukilala kwa kaka unakaanga alfajiri na shemeji, kisha unatafuta gari.

Asubuhi moja madaftari yaliniishia. Shemeji alikuwa nje anachota maji, kaka ameshakwenda kazini. Kitabu kilikuwa mezani. Nikachomoa karatasi moja na kuikata vipande vinne. Watu wanaweza kudhani sikujua ni ukurasa upi. Nilijua. Ningeweza kuchukua wa njaa, lakini ule ndio uliokuwa umelegea, kwa sababu ndio uliofunguliwa kuliko zote.

Huko Bwera askari mmoja wa kambini, mwenye tumbo lililokaa juu ya mkanda, alinunua mrija mmoja, akala, akaikunjua karatasi na kuanza kusoma.

"Wewe wa karanga. Kuja hapa."

"Ndiyo, afande."

"Hii imeandika mutu wa tumbo kubwa. Ulinichagulia?"

"Hapana, afande. Ni karatasi tu."

Mama aliyeuza samaki kando yangu akasema bila kuinua kichwa, "Karatasi iko na macho, afande. Imekuona."

Watu wakacheka, naye akacheka. Akaikunja karatasi na kuitia mfukoni mwa shati. "Nitapelekea mukubwa wangu. Yeye ndiye gorbelly ya kweli." Vile vipande vingine vitatu sijui vilikwenda na nani.

Jumapili iliyofuata kaka alifungua kitabu, akapekua mbele, akapekua nyuma. Kisha akamtazama mke wake, na jiko la makaa lililokuwa mlangoni.

"Mama watoto, ukurasa wangu umeuwashia sigiri?"

"Mimi nawasha kwa magunzi."

"Juzi mvua ilinyesha. Magunzi yalikuwa mabichi."

"Sijachoma kitabu chako."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikanywa.

Kaka hakuwa mtu wa ugomvi. Hakumpigia kelele hata mara moja. Ila kila alipokosa neno alisema, "Lilikuwa kwenye ule ukurasa uliokwenda kwenye sigiri," na shemeji mwanzoni alibisha, baadaye akaacha kubisha. Ilikwenda hivyo miaka mitano. Hata majirani walimtania kwamba hapikii kuni, anapikia Kiingereza.

Kisha kaka akaugua ini. Miezi ya mwisho tumbo lilijaa maji, likawa kubwa na gumu, na miguu ikabaki myembamba. Siku moja hospitalini alilipapasa akasema, "Sasa mimi ndiye gorbelly." Kisha akaongeza, "Kulikuwa na neno jingine la uvimbe, lenyewe hasa. Lilikwenda na ule ukurasa." Shemeji aliinuka akatoka nje. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya kitanda, tumebaki wawili. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilimpa maji akanywa, basi.

Tulimzika kwetu, juu ya Kinyamaseke. Siku ya nne, msiba wa mwanamume unapovunjwa, baba mdogo aliuliza kama inavyoulizwa siku zote: nani ana kitu cha marehemu, au neno lililobaki kati yao? Mmoja alirudisha spana. Mwingine alisema jembe lake liko kwake. Shemeji alikuwa amekaa kwenye mkeka, anatazama majivu ya moto wa msiba.

Nikasimama. Nikasema ukurasa wa kitabu niliutoa mimi, nikafungia karanga, na shemeji hakuwahi kuuchoma. Niliongeza kwamba nilijua ni ukurasa upi.

Mtu mmoja nyuma alitaka kucheka akaacha. Baba mdogo aliuliza, "Karatasi moja?"

"Moja."

"Keti, basi."

Lakini shemeji alisema, "Asiketi." Hakupandisha sauti. "Shemeji, kaka yako alinisingizia hadi nikaamini. Nilikuwa nakumbuka kabisa nikiuweka kwenye sigiri. Niliuona ukiungua."

Nilisema nisamehe. Yeye aliingia ndani akarudi na kitabu, na karatasi ya daftari, na kalamu.

"Andika unayoyakumbuka."

Nikaandika tewel, knop na gorbelly, na maana zake kwa Kiswahili. La uvimbe sikulijua.

"Andika na la sigiri."

Nikaandika chini: Ukurasa uliokuwa hapa niliutoa mimi, mdogo wake. Mke wake hakuuchoma. Shemeji alisoma polepole, herufi kwa herufi, akaiingiza karatasi mahali pake. Karatasi ya daftari ni kubwa kuliko kurasa za kile kitabu, kwa hiyo ilichomoza ukingoni. Nilitaka kuikunja iingie vizuri. Akanizuia mkono.

"Iache," alisema. "Ionekane."