Namba Aliyoisoma Vibaya Suleimani

Macho ya Suleimani yalianza kufa pembeni. Katikati aliona vizuri tu, ndiyo maana alichelewa kujua. Alianza kugonga mabega kwenye fremu za milango pale hospitalini Newala, akajiambia kuwa amechoka. Manesi waliompita ubavuni wakimwamkia hawakujibiwa, na maneno yakazagaa kwamba Baba Faidha siku hizi ana maringo, tangu lini mtu wa kijijini Lisekese akajiona hivyo.

Alikuwa ameingia hospitali ile akiwa kijana, fundi wa umeme wa kubadilisha taa na kutengeneza feni. Kompyuta zilipoletwa akapelekwa Mtwara kusoma, akarudi ndiye bwana mitambo. Kila waya uliopita juu ya dari za wodi ameupitisha yeye kwa mikono yake. Kazi hiyo aliipenda, nayo ikamjengea nyumba na kumsomesha binti yake Faidha.

Daktari wa macho kule Mtwara alimwambia bila kuzunguka: ni presha ya macho, na uono uliokwishapotea haurudi. Dawa ya matone ingesaidia kuchelewesha kupotea kwa uliobaki. Suleimani alimweleza mkewe Shakila peke yake. Kazini alinyamaza. Alikuza herufi za kompyuta yake, akawa anatembea karibu na ukuta, na mtu akija kumwonyesha kitu alisema, "Kiache hapo, nitakiangalia."

Mwaka huo kompyuta mbili za zamani zilizobeba kumbukumbu za maabara na za duka la dawa zilikuwa zinazimika ovyo. Hospitali ikapata seva moja mpya, kompyuta kuu ya kuchukua kazi zote. Seva ile ilikuwa na kadi moja tu ya mtandao, tundu moja la kuchomeka waya. Kompyuta zote za wodini zilikwishazoea kuzitafuta zile za zamani kwa anwani zao, yaani namba zao za mtandao, na kupita mlango kwa mlango kuzibadilisha kungesimamisha hospitali. Suleimani alijua njia nyepesi. Kadi moja inaweza kupewa anwani zaidi ya moja. Angeiachia seva anwani yake yenyewe, kisha juu ya kadi ile ile aongeze ya maabara na ya duka la dawa. Kompyuta za wodini zingeita kama kawaida, na seva ingeitikia kwa anwani zote tatu.

Aliifanya jioni, peke yake, paji la uso likikaribia kugusa kioo. Anwani ya maabara aliijaribu, ikaitika. Ya duka la dawa iliishia na kumi na nane. Dirisha la dawa lilikuwa limeshafungwa, akaona atajaribu asubuhi. Akazizima zile kompyuta za zamani, akaenda nyumbani.

Asubuhi dawa hazikutoka, kumbukumbu hazifunguki. Kibaya zaidi, majibu ya vipimo vya damu yakawa yanaingia na kukatika. Suleimani alipita wodi ya watoto akamsikia mama mmoja akimuuliza nesi, kwa sauti ya chini, kama majibu ya mwanawe bado. Nesi akajibu kwamba mtandao unasumbua. Mtoto alikuwa anahema kwa shida. Hata bila kumwona vizuri, Suleimani aliisikia pumzi yake. Ikabidi nesi aende maabara kwa miguu, akarudi na karatasi mkononi, na damu ikatundikwa. Mtoto yule alipona. Lakini mguno wa pumzi yake haukumtoka Suleimani masikioni.

Alipofika chumba cha seva alimkuta Veridiana, binti kutoka Chidya ambaye Suleimani mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

"Shikamoo, Baba Faidha."

"Marahaba. Umeona nini?"

"Vitu viwili vinaitikia anwani moja. Mashine ya kupimia damu ina kumi na tatu, na seva nayo imepewa kumi na tatu. Zinanyang'anyana."

"Niliandika kumi na nane."

"Imeandikwa kumi na tatu, Baba Faidha."

Aliinama kwenye kioo. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma namba moja. Veridiana akamtazama.

"Baba Faidha, unaona?"

"Uso wako nauona," alisema. "Mikono yako sijui iko wapi."

Veridiana alivuta kiti cha pili, akaketi, akasogeza kibodi upande wake.

"Iondoe kumi na tatu kwanza," Suleimani alimwambia. "Ile ya juu kabisa, ya seva yenyewe, usiiguse, ukiifuta tumejifungia nje wenyewe. Sasa ongeza kumi na nane kwenye kadi hiyo hiyo. Nisomee kabla hujakubali."

Alimsomea, namba moja moja. Duka la dawa likafunguka, maabara ikatulia.

"Sitamwambia mtu," Veridiana alisema. "Mimi nitakuwa nakusomea tu."

Suleimani alilitamani neno lile, aliwaza hata namna watakavyofanya. Kisha akauliza, "Na siku umesafiri?"

Siku hiyo hiyo alikwenda mwenyewe kwa mganga mkuu, akamweleza habari ya macho yake na kuomba kuacha kazi. Walimpa barua nzuri na sherehe ndogo yenye soda. Wale waliosema ana maringo walikuja kumshika mkono, wengine wakilia, naye hakuwatambua wote mpaka waliposema.

Sasa yuko Lisekese, kwenye mikorosho ya marehemu baba yake. Mwanzo Veridiana alipiga simu mara kwa mara kumuuliza hili na lile. Baadaye simu zikapungua, kwa kuwa alikwishajua kazi. Suleimani hamlaumu, ila simu ikilia huharakisha kuipokea.

Faidha alipoolewa, Suleimani alimwomba mkewe amweleze jinsi binti yao alivyovaa. Shakila alieleza yote, rangi, nakshi, hina ilivyopanda mpaka kwenye viwiko. Suleimani akasikiliza kwa makini, akashukuru. Wageni walipoondoka, alikwenda nyuma ya nyumba akalia. Shakila alimwona kutoka mlangoni, akamwacha alie. Alipotulia alimfuata, akaketi naye chini.