Plau ya Atyang na Karo ya Selpha

Mnyororo wa plau unalia kidogo ukutani, kisha kimya. Ni saa kumi na moja alfajiri. Gizani, Atyang ameushika kwa mikono miwili usije ukamwamsha Amoit, kitinda mimba wake wa miaka sita.

Nje, jirani yake, mzee Omagor, anamsubiri na maksai wake. Askari, maksai pekee wa Atyang, anasogezwa ubavuni mwa mwenzake na wote wawili wanafungwa nira moja. Omagor anatangulia na kamba. Kifua chake hakimruhusu tena kushika plau. Mishikio ni ya Atyang.

Hapa Kocholia, mwanamke nyuma ya plau bado ni jambo la kusimamisha baiskeli.

"Mama Selpha, umekuwa mwanamume lini?" anauliza mpita njia.

"Tangu barua ya chuo ilipofika," anajibu bila kugeuka. "Na wewe, unaanza lini?"

Barua ilifika Desemba 1975. Selpha, binti yake mkubwa, aliitwa kusomea ualimu upande wa Kisumu. Atyang ni mjane. Alikuwa na maksai wawili. Mwezi wa Januari mmoja alipelekwa mnadani Malaba.

"Watu wanafikiri chuo ni karo tu," anasema. "Kuna sanduku, kuna blanketi, viatu, nauli. Ng'ombe mzima aliisha kabla mtoto hajakalia dawati."

Akabaki na maksai mmoja, na maksai mmoja halimi. Omagor naye alikuwa amefiwa na mmoja wa maksai wake wawili. Wakaunganisha.

Wanalima mashamba ya watu kwa shilingi arobaini ekari, nusu kwa nusu. Chuo kinataka shilingi mia tatu muhula wa Mei unapofunguliwa, la sivyo Selpha hapokelewi. Atyang ameshaweka mia moja na themanini. Bado ekari sita. Asubuhi moja inatoa nusu ekari tu, kabla jua halijawaka, na baada ya wiki mbili watu wanapanda. Ukiondoa Jumapili, hakuna hata siku moja ya maksai kuumwa.

Saa tatu, Callistus, dalali wa ng'ombe, anasimama pembeni mwa shamba. Anamtazama Askari, si Atyang.

"Mama, mia nne na hamsini, taslimu. Karo unalipa leo na chenji inabaki. Mateso ya nini?"

"Na Septemba nitalipa na nini, boss? Mkia?"

Omagor anacheka mpaka anakohoa. Callistus anaongeza ishirini. Atyang anageuza plau na kuanza mfuo mwingine.

Baadaye, akiwa ameketi kwenye nyasi, viganja vimechubuka, anaeleza bila haraka. "Nikimuuza, nimenunua muhula mmoja. Akibaki, ananisomeshea mtoto mpaka mwisho. Si nimehesabu? Imebaki mihula mitano."

Selpha akianza kupata mshahara, anasema, jambo la kwanza ni kumtafutia Askari mwenzake. La pili ni kulala mpaka jua litoke.

"Siku hiyo plau hii naitundika, simpi mtu hata kuigusa."

Amoit, aliyeleta maji ya kunywa kwenye kibuyu, amesimama akisikiliza. Anamsubiri mama yake amalize kunywa.

"Mama, baada ya Selpha ni mimi."