Siku Baba Alipoificha Kazi Yake

Mama alipopatwa na kiharusi, upande wake wa kulia ulikufa ganzi na maneno yakamhama. Yalibaki machache, na hayo aliyatumia kwa ubahili. Hospitali ilimruhusu kurudi nyumbani ikamkabidhi kwa baba, seremala mstaafu ambaye maisha yangu yote sikuwahi kumwona akiosha hata kikombe. Ndugu zangu walikuwa mbali. Mimi nilikuwa nimepanga hapo hapo Waithaka, karibu na boma la wazazi, lakini mchana kutwa nilikuwa Hurlingham, nikipokea simu na wageni katika ofisi ya mawakili.

Basi mzee akajifunza. Alijifunza kumwogesha mama, kumvisha, kumlisha uji bila kumpalia, na kumgeuza kitandani asije akatoka vidonda. Alimtengenezea kiti chenye tundu katikati na ndoo chini yake, akakipiga msasa na vanishi kama kitu cha kwenda kuuzwa. Wanaume wenzake pale dukani walimwita yaya. Aliwajibu kwamba ndiyo, yeye ni yaya, na kazi bado haijamshinda.

Kilichomshinda ni mgongo. Ilifika mahali akawa anainuka kwa kushika ukuta. Ndugu zangu wakaitisha mkutano, na huku wakinywa chai yake wakaamua kwamba mama apelekwe Nyeri kwa dada yake mdogo, naye baba abaki kulinda boma. Waliyasema hayo mama akiwa ameketi pale pale, kana kwamba kiharusi kilimpiga na masikio. Baba alisema tu kwamba hajawahi kuishi mbali na mkewe na hataki kuanza uzeeni. Kaka yetu mkubwa akampa muda mpaka Pasaka. Tukipata mtu wa kumsaidia, sawa. Tusipopata, gari lingekuja kumchukua mama.

Kazi ya kutafuta msaada iliniangukia mimi. Hasira zangu ziko karibu, kwetu kila mtu anajua, na nadhani ndiyo sababu walinichagua. Mtu wa kumlipa hatukuweza, kwa hiyo nikageukia serikali. Saa ya chakula cha mchana nilikuwa nikikimbilia mjini na viatu vyangu vya ofisini. Chifu alinituma kwa watu wa ustawi wa jamii, watu wa ustawi wakanituma hospitali, hospitali ikaniuliza barua ya chifu iko wapi. Na kila dirisha swali lilikuwa moja: nani anamtunza mgonjwa? Nikijibu kwamba ni baba, karani anaacha kuandika na kuinua kichwa.

Kuna ofisa mmoja, mama wa makamo, aliyeita wafanyakazi wenzake waje. Nilikuwa tayari kumrarua.

"Hebu rudia, mum," akaniambia. "Nataka hawa wanaume wasikie vizuri."

Nikarudia, na nilijisikia nikijivuna. Nilimpenda mama yule tangu hapo. Alinikalisha, akanieleza bila kunizungusha kwamba kuna akina mama wa mtaani waliofunzwa na zahanati kuuguza watu majumbani. Ofisi yake ingeweza kuwatuma kwetu kila asubuhi, na ingetuombea pia kiti cha magurudumu. Lakini wanaohitaji ni wengi na wauguzi hao ni wachache. Lazima kwanza aje aone kwa macho yake, na akikuta familia inajimudu, nafasi inakwenda kwa mwingine. Jioni ile nilishuka kwenye maduka ya Adams Arcade nikanunua keki, maana habari kama hiyo haipelekwi mikono mitupu.

Katika yote niliyomweleza, baba alisikia neno moja: mgeni.

Siku ya kuja ofisa niliomba ruhusa kazini. Nilipofika nyumbani nilidhani tunaposwa. Ua ulikuwa umekatwa, vitambaa vya makochi vimefuliwa na kupigwa pasi, nduma za kuchemsha zinafuka mvuke mezani. Kiti chenye tundu kilikuwa kimefichwa nyuma ya banda la kuku. Mama alikuwa amevishwa sare ya akina mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, ameegemezwa mito pande zote chini ya blanketi la kushonwa. Ukimtazama kutoka mlangoni, ungesema anangoja kufungua kikao. Baba mwenyewe alivaa koti la harusi za watu.

Ofisa alipokelewa, akaombewa, akamiminiwa chai. Aliuliza nani humwogesha mama.

"Tunasaidiana, madam," baba akasema.

Je, anatembea? Polepole, baba akajibu. Na usiku? Usiku tunalala vizuri, tunamshukuru Mungu. Mgongo wake je? Mgongo ni uzee tu. Nilimkanyaga mguu chini ya meza, akauondoa kwa adabu. Kwetu hivyo ndivyo tulivyolelewa: mgeni akinywa chai yako humwekei shida zako juu ya meza. Nilikuwa naona Nyeri ikikaribia kwa kila jibu, na nilitamani kumwaga chai ile yote sakafuni.

Ofisa alitazama nyumba, akatabasamu, akafunga faili lake. "Mmemtunza vizuri sana," akasema. "Wengine hata hawana wa kuwageuza."

Hapo mama akaanza kugonga mkono wa kochi kwa mkono wake mzima. Mimi na baba tulijua maana yake. Alitaka kwenda haja. Baba akajifanya anamwongezea mgeni chai. Mama akagonga tena, kisha akatoa maneno mawili, yote mazima.

"Mzee. Mwonyeshe."

Baba aliweka chupa ya chai chini. Alivua koti, akalitundika nyuma ya mlango, akapiga goti mbele ya mama na kumkumbatia. Mama akaweka paji la uso begani kwake. Kisha baba akaanza kuimba kwa sauti ya chini, wimbo wa kanisani, na alipofika kwenye kiitikio akainuka naye. Nilikuwa nimeliona jambo hilo mara nyingi, lakini siku hiyo nililiona kama mgeni. Wakaenda hatua ndogo ndogo, yeye akirudi kinyumenyume, uso umemjaa jasho, miguu ya mama ikiburuzika. Kwenye korido alisimama akashika ukuta, mkono mmoja tu ukiwa umembeba mkewe. Hakuacha kuimba. Nami nilikimbia kuchukua kile kiti nyuma ya banda.

Waliporudi, ofisa alimuuliza nani alimfundisha.

"Hakuna," baba akasema, akitazama mikono yake. "Nilimwangusha mara moja. Sikutaka kumwangusha tena."

Sisi watoto hatukuwahi kujua. Ofisa alifungua faili upya, akaomba chai nyingine, akamsihi baba aanze tena kujibu tangu mwanzo.

Akina mama wawili walikuja kabla ya Pasaka, na kiti cha magurudumu kikafuata. Asubuhi ya kwanza nilichelewa kazini makusudi ili nione. Mama alijikakamaza, akakataa kuinuliwa. Baba alikuwa amesimama mlangoni na beseni mikononi, hajui aliweke wapi. Mwishowe akaanza wimbo wake. Wale wanawake walikuwa wakiujua, wakaitikia, na kwenye kiitikio mama akanyanyuka mikononi mwao. Juu ya bega la mmoja wao alimtafuta baba kwa macho.

"Kaa," akamwambia.

Baba akalitua beseni, akavuta kigoda, akakaa.