Matundu Mawili ya Disketi

Masomo yalidumu majuma mawili, katikati ya likizo kubwa, wakati wa vumbi, na jina lake lilikuwa refu kuliko faida yake: "Teknolojia mpya za ordinatere na kesho ya Zaïre." Yalitolewa kwenye chuo kikuu ambapo papa ni mukubwa wa sekretariati, ndiyo maana mimi, mutoto wa sekondari, nilikalishwa katikati ya watu wazima. Papa alinipa sharti. Nikileta atestasio, cheti cha mwisho wa masomo, nitaingia seksio ya hesabu na fizika. Nikiikosa, nitamufuata dada yangu kwenye kushona. Dada yangu anashona kola tangu miaka miwili, na kola zake zote zinatazama kushoto.

Ordinatere, yaani kompyuta, ilikuwa moja. Ilikaa mezani mbele, imefunikwa na kitenge cha bibi ya citoyen assistant, mwalimu wetu. Viatu tuliviacha mulangoni ili vumbi isiingie. Kwa hiyo nilitazama vidole vya miguu vya wakubwa wa muji huu: watu wa banki, walimu, na soksi ya abbé, padri mumoja, iliyotoboka kisigino. Ni watu ambao barabarani hawaitikii salamu yangu. Nilianza kuwadharau kutoka chini.

Mashine haikuwashwa. Assistant alieleza kwamba bila disketi yake ni kama redio bila pile, bila betri, na disketi iko njiani, inatoka Ubelgiji. Tukingoja, tulichora klavye, vile vibonyezo vyake vya herufi, kwenye katoni za sabuni, tukapiga vidole juu yake, watu ishirini, kimya. Halafu dikte: yeye anasoma, sisi tunaandika. Kesho ordinatere zitaongea kwa simu, nchi na nchi. Kesho mashine itafikiri. Simu ya chuo haijalia tangu niko shule ya musingi, lakini hakuna aliyecheka. Wote waliandika, wakapiga mustari chini ya "kesho" kwa bic nyekundu. Assistant alikaa Ulaya miezi mitatu, na kila neno lake lilianza na "kule". Baridi ya kule tuliijua kuliko ordinatere. Kitu kimoja tu nilikishika kweli, kiko kwenye ukurasa wa pili wa kaye yangu: disketi haikunjwi, haiguswi katikati, haitobolewi.

Jumatano ya juma la pili nilimupelekea papa chakula kazini. Bahasha ya disketi ilikuwa imefika. Kwa papa, kila kitu kinachoingia kinapewa namba, kinapigwa kashe ya muhuri, kinatobolewa matundu mawili, kinafungwa kwenye klasere, jalada lake gumu. Hajapoteza karatasi hata moja tangu aanze kazi, na wageni anawaambia hivyo kabla hawajakaa. Alitoa kile kitu cheusi, chembamba, cha mraba, akakigeuza mara mbili, akakiingiza kwenye perforatere yake, kile chuma kizito cha kutobolea.

"Mama, shika hapo, isitembee," aliniambia; ndivyo anavyoniita mimi binti yake.

Nilijua, na nilishika. Makarani wake wawili walikuwa wanatutazama, na mimi hata katekisimu nikiulizwa sauti inakauka. Alikandamiza kwa kiganja. Vikatoka visahani viwili vyeusi, akavipuliza chini.

"Karatasi yenye haina matundu, iko karatasi ya kufungia karanga."

Ijumaa, siku ya mwisho, assistant alisaini rejista ya papa, akapewa disketi, akaja kuondoa kitenge polepole kama anafunua bibi-arusi. Kurant ya umeme ilikuwapo, ajabu. Aliingiza disketi. Mashine ikakwaruza, ikaandika mustari mumoja wa Kiingereza, ikanyamaza. Akaitoa disketi, akaipuliza, akairudisha. Mara tatu.

Karibu yangu alikaa masœur mumoja, mutawa wa Kalehe, ambaye alisinzia tangu siku ya kwanza. Ni yeye aliyeona.

"Citoyen assistant, na hayo matundu mawili ya pembeni, ni ya nini?"

Assistant aliiinua kwenye dirisha. Mwanga ukapita. Niliutazama uso wake, na ninaapa hakujua. Huko kule kwake hajawahi kushika disketi.

"Iko matundu ya usine, ya kiwandani, masœur. Disketi inapata moto, lazima ipumue."

Akairudia kwa sauti ya dikte, na watu ishirini wakaandika. Bwana mumoja wa banki akaomba kipimo cha kila tundu. Akapewa: milimita sita. Mashine, tuliambiwa, imechoka na safari, itaamka mwaka kesho.

Mutihani ulifuata palepale. Swali la mwisho, lenye pointi nyingi: eleza disketi. Nikiandika kweli, nitakuwa nimeandika kwamba papa yangu ndiye aliua mashine moja tu ya chuo, na kwamba mimi nilimushikia. Nikiruka swali, ninakwenda kushona kola. Nilitazama miguu ya watu chini ya meza, imetulia, haina wasiwasi wowote. Nikaandika kwamba disketi ina matundu mawili pembeni, ya milimita sita, na inapumulia hapo. Mwandiko wangu ulikuwa muzuri kuliko siku zote.

Nilipata kumi na nane juu ya ishirini. Majuma mawili nilikuwa ninawadharau wale watu, halafu nikawa wa kwanza kati yao.

Papa aliisoma atestasio amesimama, akavua miwani, akasema Jumatatu anakwenda kwa préfet wa shule kuniandikisha hesabu na fizika. Halafu akauliza:

"Na ile disketi, ilitembea? Ilifanya kazi?"

"Ilitembea, papa."

Alifurahi. Akafungua klasere mupya, akalinganisha ukingo wa atestasio yangu kwenye perforatere, akaniita nimushikie isitembee. Nilishika.