Kayaki ya Manjano na Adhana ya Adhuhuri

Mamangu alipoiona kayaki yangu ya manjano, mtumbwi mwembamba wa plastiki, kwa mara ya kwanza, ilikuwa vichwani mwa wachukuzi wawili, inapita kwa shida katika kichochoro chetu cha Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa. Alichungulia dirishani akauliza, "Beseni la nani hilo?" Nikamjibu ni langu, nimelinunua katika hoteli moja ya ufukweni iliyokuwa ikiuza vyombo vyake, na nitalitumia kuvulia samaki. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kule Kizingo, mwanamke mwenye umri wa kutosha kuwa na akili, na ndimi mwanawe wa pekee. Akafunga dirisha.

Wiki nzima hakuitaja. Siku ya nane, akichambua mchele, bila hata kuinua uso, akanipa sharti lake: "Adhana ya adhuhuri ikukute nti kavu. Siku ikikukuta baharini, chauzwa hicho." Nilikubali upesi kabla hajaongeza jingine. Neno likishamtoka mamangu halirudi. Aliwahi kuapa hatakula tena mkate wa duka la pembeni, na mpaka leo hajaula, ingawa mwenye duka alikwisha kufa na wanawe wanaoka mkate mzuri.

Basi nikawa navua asubuhi za Jumamosi na siku za likizo. Nilitoka kwenye ngazi za bandari ya zamani jua likichomoza, nikaambaa na kisiwa mpaka nje ya Kizingo, mkabala na mnara wa taa, mahali ambapo maji ya kina hukutana na miamba. Watu waliopunga upepo kwenye ufuko wa Mama Ngina walinipiga picha kwa simu zao. Vijana wa mtaani waliniuliza kila nipitapo, "Mwalimu, beseni halijavuja?" Nami niliwajibu kwa kuwaonyesha samaki.

Nilikuwa na majivuno, nakiri. Nilimwambia mamangu kwamba hata nikifungwa kitambaa machoni nitafika nyumbani, maana sauti ya muadhini wetu siipotezi. Mzee huyo anajulikana Kuze nzima. Hukohoa mara mbili kwenye kipaza sauti kabla ya kuanza, na kuna mahali huivuta adhana mpaka unadhani pumzi imemwishia. Misikiti ya Mji wa Kale hupokezana na kupandana, mgeni hasikii ila mchanganyiko, lakini mimi sauti ya mzee wetu naichagua humo kama mtu anavyouchagua mlango wa kwao. Mamangu aliyasikiliza maneno hayo yote.

Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti bahari iliamka imechafuka. Mvua nyembamba ilikuwa ikija na kuondoka. Mamangu alinitazama nikivaa jaketi la kuelea, akasema neno moja, "Leo?" Nikamwambia leo ndiyo siku yenyewe, bahari ikichafuka kolekole hula bila kuchagua. Sikio la kufa halisikii dawa.

Na walikula kweli! Sijawahi kuona asubuhi kama ile. Mawimbi yaliinyanyua kayaki mpaka nikaona nusu ya dunia, kisha yakaishusha bondeni nikawa sioni ila maji. Katika mojawapo ya mabonde hayo fimbo yangu ilipinda ghafla, mshipi ukalia, na kayaki nzima ikageuka ikaanza kwenda. Nilikuwa navutwa! Kolekole alinipeleka kushoto, akanirudisha kulia, akazama chini ya kayaki, nami nacheka kwa sauti kubwa, napiga kelele, namtukana, namsifu, namwomba asikate mshipi. Mikono iliniwaka moto. Maji ya chumvi yaliniingia kinywani nikayameza na kucheka tena. Sijui tulipambana muda gani. Nilipompandisha na kumlaza katikati ya miguu yangu, alikuwa mrefu kutoka goti langu mpaka kisigino na zaidi, anang'aa, anapigapiga mkia. Nilimbusu kichwani.

Nilipoinua uso, kisiwa hakikuwepo.

Mvua ilikuwa imepita, na nyuma yake umeshuka ukungu ambao sisi wa Mombasa tunausikia tu kwa jamaa zetu wa bara. Niliiona ncha ya kayaki, nililiona kasia langu, basi. Simu niliitoa kwenye mfuko wake nikaikuta imelowa, imezima. Nilijaribu kuyasoma mawimbi, lakini pale karibu na miamba yanayokwenda hugongana na yanayorudi, na kila moja lilinisukuma upande wake. Hata hivyo kilichonitisha hasa kilikuwa saa. Adhuhuri ilikuwa imekaribia, na mimi ningali majini.

Kisha nikasikia kikohozi. Kimoja. Cha pili.

Adhana ilinikuta baharini. Kayaki imekwenda, nikajiambia, na moyo ukaniuma kweli kweli. Lakini sauti ya mzee wetu ilikuja wazi, safi, kana kwamba amesimama hatua chache mbele yangu, na niliona afadhali kufika nyumbani bila chombo kuliko kutofika. Nikaelekeza ncha kwenye sauti nikapiga kasia kwa nguvu zote.

Kitu kimoja hakikukaa sawa. Upepo ulikuwa ukinipiga usoni. Majira yale upepo ni wa kusi, na mtu anayerudi Mji wa Kale kutoka nje huupata mgongoni. Mwalimu mzima, ninayewafundisha watoto pande nne za dunia, nikabishana na upepo! Nilisema umegeuka. Upepo unaweza kukosea, mzee wetu hawezi. Adhana ikaisha, upepo nao ukalala, nikaendelea kupiga kasia moja kwa moja mbele.

Ndipo honi ya meli ikalia. Haikuwa mbali. Kifua changu kilitetemeka pamoja nayo, na kolekole miguuni akaruka. Sikujua iko upande gani.

Na hapo hapo, kwa mbali sana, nyuma yangu, nikasikia kipaza sauti. Sauti ya mwanamke. Niliacha kasia nikasikiliza.

"Weye uliye baharini! Usimwandame mzee! Mzee yuko Likoni! Ndoo, rudi huku, mwanangu! Kuze ni huku!"

Mamangu. Mamangu ambaye hata muuza mboga akipita chini ya dirisha hamwiti kwa sauti, humtuma jirani. Nilielewa kila kitu kwa pigo moja la moyo. Likoni iko ng'ambo, na kati yangu na Likoni ulikuwapo mkondo wa meli zinazoingia bandarini, nami nilikuwa nikijipeleka mwenyewe katikati yake.

Niligeuza. Sikumaliza hata kupiga kasia mara kumi, ukungu nyuma yangu ukawa mweusi. Ukuta wa chuma ulipita, mrefu, mrefu, hauishi, makontena yamepangwa juu yake mpaka yanapotea ukunguni, na mngurumo wa injini uliingia mpaka kwenye meno. Kisha yakaja mawimbi yake. Nilimbana samaki kwa mapaja, nikaelekeza ncha, nikapanda la kwanza, la pili, la tatu, nikipiga ukelele ambao sijui kama ulikuwa wa hofu au wa furaha. Nadhani ulikuwa wa furaha. Nilikuwa hai!

Sauti haikukoma. Iliniita, ikanikaripia, ikaniahidi kuchunwa ngozi, ikaniita tena mwanangu, mbele ya mji mzima. Kadiri nilivyokaribia ndivyo ilivyokwaruza, mwisho ikawa pumzi tu kwenye kipaza sauti. Kufikia hapo nilikuwa nimeshaziona ngazi.

Wanawake wa mtaani walinisimulia baadaye. Muadhini wetu alivuka feri asubuhi kwenda kumtazama dada yake mgonjwa, na wenye msikiti wa kule, kwa kumheshimu mgeni mwenye sauti nzuri, wakamwomba aadhini. Kuze aliadhini mtu mwingine. Mamangu aliposikia sauti ngeni alikumbuka majivuno yangu, akatoka mbio. Mtunza msikiti alimweleza kwamba mzee anaadhini Likoni, akakubali kutangaza, lakini alitangaza kwa upole, kama anatangaza kitambulisho kilichookotwa. Mamangu akamnyang'anya kipaza sauti.

Nilimkuta chini kwenye ngazi, kandambili moja yake na nyingine ya mtu wa msikitini. Niliinua kolekole nimwonyeshe. Hakumtazama samaki. Alinishika mashavu, akanikagua kama mtoto aliyeanguka, kisha akanipiga kibao cha bega.

"Najua, mama," nikasema huku nalia. "Ahadi ni ahadi. Nitakitafutia mnunuzi."

Alifungua kinywa, sauti isitoke. Akanivuta sikio kwenye midomo yake.

"Kishauzwa," akanong'ona.

"Kwa nani?"

"Kwangu mimi. Mwenye chombo ni mimi sasa, na chombo changu hakitoki ila kwa idhini yangu."

Nilicheka, machozi na makamasi pamoja, na watu waliokuwa ngazini wakacheka nami. Damu ilikuwa ingali inanichemka. Nikapiga magoti pale pale kwenye maji, nikamshika mkono nikaubusu, nikasema, "Basi naomba idhini, mama. Kesho."

Akautazama ukungu.

"Kesho hapana," akanong'ona. "Kesho sina sauti."