Kairuani Walichimba

Mvua ya Busia inanikasirisha. Inamwagika kwenye mabati mpaka hatusikiani, halafu asubuhi mama yangu, na mgongo wake ule mbovu, anasimama langoni kungoja mkokoteni wa maji ili anunue mitungi. Siku moja alijaribu kuinua mtungi mwenyewe, akaanguka nao matopeni. Matopeni, jamani! Mvua imetuzunguka na yeye anaumia kwa kutafuta maji.

Mimi nilisoma Kairuani, kule Tunisia, kabla ya kurudi kufanya kazi ya kutoa mizigo ya watu forodhani Malaba. Ni mji wa bara, kwenye tambarare kavu yenye chumvi, mbali na bahari, hauna mto wa kutegemea. Jeshi la Waarabu lilipiga kambi pale likihofia merikebu za maadui pwani. Misafara ikafuata, kambi ikawa mji. Maji yalikuwa shida, basi wakajenga mabwawa makubwa na kuyavuta maji kutoka vilimani kwa mifereji. Hata ua wa msikiti mkuu wameuinamisha kidogo, maji ya mvua yateremke hadi katikati, yachujwe vumbi, yatumbukie kisimani chini yake. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita! Na sisi hapa hata gata la kukinga maji ya paa hatuna.

Haya yote nilimweleza Mama kila nilipomkanda mgongo, nikitaka tuchimbe kisima cha maji ya mvua. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Kisima cha nini, na nyumba ina X?"

Hiyo X nyekundu, alama ya nyumba ya kubomolewa, ilipigwa ukutani na watu wa barabara kabla sijazaliwa. Ikianza kufifia wanakuja kuirudia, wanaenda zao. Hawabomoi, hawafuti. Mtaa mzima unaishi hivyo: hakuna anayepiga plasta, hakuna anayepanda mti. Ukiuliza unaambiwa hapa ni mpakani, sisi tunapita tu. Wanapita tangu lini? Wajukuu zao wanaoa hapa hapa!

Jioni ya siku ile aliyoanguka, uvumilivu uliniisha.

"Mama, hata hao wa Kairuani walikuwa wapitaji! Walikuja na mahema! Lakini walichimba. Wewe unaogopa rangi tu."

Nilikuwa nimepaza sauti, tena mbele ya mama mzazi. Alitazama dirishani, kwenye kibustani chake cha sukuma wiki kilichokuwa kikipigwa na mvua, akatazama mpaka nikaona haya.

"Kesho chukua jembe," akasema. "Chimba pale kwenye sukuma. Hapatakusumbua, udongo wake ni laini."

"Umejuaje?"

"Marehemu babako alikuwa ameshachimba kisima pale hadi kimo cha kifua. Hata simiti tulikuwa tumenunua. Ndiyo wakaja na rangi yao, na mimi ndiye niliyemwambia afukie."