Simu ya Dirishani

Watu wanaosema wazee hutapeliwa kwa sababu ya ujinga, mimi siwasalimii tena. Nimewasikia kanisani, nimewasikia sokoni Kamembe, na mmoja alithubutu kulisema neno hilo ndani ya chumba changu cha kushonea, akisubiri nimpunguzie sketi. Nilimrudishia sketi yake vilevile ilivyokuja.

Mama yangu si mjinga. Alitulea Bukavu kwa kuuza sambaza, dagaa wa ziwani, na mtu wa kumdanganya kwenye kipimo hakuwahi kuzaliwa. Tuliporudi Rwanda tulipanga nyumba Cyangugu, juu ya ziwa, na Bukavu ikabaki ng'ambo, tunaiona kila tukifungua dirisha. Mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa Mama, hakurudi nasi. Alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu huko ndani, kusikofika barabara, na mara ya mwisho alitupigia kwa simu ya kuazima. Namba anayoijua kwa kichwa ni moja tu, ile ya Kongo ya Mama.

Kwa hiyo Mama ana simu mbili. Ya Rwanda hutembea nayo. Ya Kongo, simu ndogo ya vibonye, imo katika kifuko cha kitenge nilichomshonea, na kifuko kimetundikwa kwenye msumari wa dirisha linalotazama Bukavu, maana hapo ndipo mtandao wa kule unaposhika vizuri. Tunajua laini isiyotumika hufa. Basi kila Jumapili baada ya misa Mama huitia vocha kidogo, humpigia mdogo wake wa kike aliyebaki Bukavu, wanasalimiana, wanaagana. Yeye anasema anailisha.

Sasa mwanamke huyo ndiye aliyeletewa ujumbe kwamba abonema, yaani usajili wa laini yake, imeisha, kwamba leo ni siku ya mwisho ya kuifanya upya, na asipofanya hivyo namba inafungwa. Hajamaliza kuusoma, simu ikalia.

"Maman, ni ku bureau ya rezo," sauti ikasema, yaani ofisi ya mtandao. "Numero yenu batakata leo. Mufinye tu vile minaenda kuwaambia, itabakia ya kwenu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Hakuwa mgeni aliyeungaunga maneno. Alisema Kiswahili chetu cha Bukavu, kwa heshima zote, na Maman juu yake. Akamwambia abonyeze nyota, tarakimu, nyota tena, halafu namba ndefu, halafu alama ya reli. Mama akabonyeza kimoja kimoja. Kisha akamshukuru, akamwombea baraka kwa Mungu. Hizo baraka ndizo zinazoniunguza mpaka leo.

Laini haikufungwa wala vocha haikupungua, ndiyo maana hatukushtuka. Jumapili Mama alipiga kama kawaida, mdogo wake akapatikana. Ila yenyewe simu haikulia tena. Wiki zikapita ikining'inia pale, ina chaji, ina mtandao, kimya. Mama akasema watu wana shughuli zao.

Siku moja mama mdogo alivuka mpaka bila kuagiza, amebeba machungwa na uji ndani ya chupa ya chai. Alimkuta Mama anachagua maharage, akasimama mlangoni mdomo wazi.

"Dada! Uko muzima? Kuko mwanaume alinijibu ku telefone yako, anasema uko ku hospitali, nitume makuta ya dawa."

"Na pesa ulituma?"

"Nilituma yote nilikuwa nayo."

Kesho yake niliichukua simu nikavuka nayo mpaka kwenye kaunta ya mtandao, Bukavu. Dada wa pale aliitazama, akabonyeza kidogo, akanionyesha: kila aliyempigia Mama alipelekwa kwenye namba nyingine. Ile nyota na reli ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Akaifuta mbele ya macho yangu. Akaniambia pia kwamba ukisikia laini yako inaisha, kata simu, usibonyeze chochote unachosomewa na mtu, nenda mwenyewe dukani ukaulize. Kuuliza si ujinga. Maneno hayo namwambia kila mteja ninayempima kiuno, na wakinichoka wakashone kwingine.

Nilimweleza Mama. Pesa hakuuliza. Aliuliza:

"Siku zile zote, bale balikuwa banapiga, bote balifika kwake?"

"Bote, Maman."

Akaitazama simu, na mimi nilijua anamfikiria nani. Kama mdogo wangu aliazima simu huko machimboni siku zile, aliambiwa nini? Kwamba mama yake amelazwa? Kwamba amekufa, atume ya sanduku? Na ukishaambiwa mama yako amekufa, unampigia nani tena? Mwizi wa kuku huchukua kuku akakimbia. Huyu alikaa mlangoni petu kama mwenye nyumba, akawapokea watu wetu. Nilimchukia, ninamchukia, na anayetaka nimsamehe atangulie yeye.

Basi juzi, mchana, nilikuwa kwa Mama nikimbandikia pini kwenye upindo wa gauni. Simu ya dirishani ikatoa ujumbe: abonema imeisha, fanya upya leo. Haukupita muda ikalia. Nilitema pini nikaruka kuinyakua, matusi yangu tayari kwa lugha tatu. Mama akanizuia kwa mkono. Akaweka sauti ya nje.

"Maman, ni ku bureau ya rezo..."

Ilikuwa sauti ileile. Mama alimwacha amalize yote, kisha akasema polepole:

"Papa, sikukasirikii. Siku zile ulikuwa na numero yangu, kuko kijana alipigaka, mwenye kuongea polepole, anauliza mama yake? Uniambie tu kama alipiga."

Nilimsikia akipumua. Nyuma yake kulikuwa na muziki wa baa.

"Maman," akasema, "mumekosea numero."

Akakata. Yeye ndiye aliyepiga, na akasema sisi tumekosea namba! Lakini Mama alikuwa anairudisha simu kwenye kifuko, taratibu, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeibiwa.

"Kama hakupigaka, angesema tu apana," akaniambia. "Alipiga. Mutoto wangu iko muzima."

Nikatoka nje nikamtukana yule mtu peke yangu, kuelekea Bukavu, mpaka jirani akafungua dirisha kutazama kuna nini.